Mtamba wa Miaka Arobaini

"Mtamba wangu iko wapi?"

Ndivyo alivyouliza Mzee Masunga, kamba ya katani mkononi, akiwa amesimama mlangoni mwa chumba cha nyuma cha duka la spea la Mzee Zubery, hapa hapa Mpanda mjini. Ndipo tulipokomea Jumamosi iliyopita, na najua baadhi yenu mlininunia wiki nzima. Kama gazeti lako lilifungiwa maandazi kabla hujalisoma, usijali, nakupa habari haraka haraka, maana mzee yuko mlangoni na hana subira.

Luhende ni mtoto wake wa mwisho. Anamchumbia Rozalia wa Ilembo, na mahari yote imeshafika kwa baba yake binti, Mzee Damiano, isipokuwa mtamba mmoja wa kumalizia. Mtamba, yaani ng'ombe jike ambaye hajazaa. Mzee Damiano amesema wazi kwamba mtamba huyo asipoonekana leo, tangazo la ndoa halisomwi kanisani kesho. Na lisiposomwa kesho, kuna mfanyabiashara wa mpunga anasubiri pembeni, amenyoa vizuri.

Sasa Luhende naye ana ugonjwa wake. Yeye na Sauda, fundi simu, binti wa Mzee Zubery, wanakusanya kompyuta za zamani. Siyo hizi za mapajani. Ni zile za majumbani za miaka ya themanini, ambazo kompyuta nzima imo ndani ya kibodi nene na unaichomeka kwenye televisheni. Wanazifufua, wanaziunga na vifaa vya siku hizi, halafu wanabishana thamani yake na wenzao wa Mwanza na Dar kwenye kundi la WhatsApp. Wakasikia Shadrack wa Kakese anayo moja stoo, na yuko tayari kubadilishana na dume la kulimia. Luhende akampigia simu baba yake aliyekuwa malishoni huko Ugalla, ambako mtandao unaupata ukipanda juu ya kichuguu.

"Baba, nabadilisha lile dume na mtambo."

Simu ikakwaruza. Mzee akasikia mtamba. Dume kwa mtamba, mfugaji gani atakataa? Akajibu, "Toa haraka, ng'wanawane, mwanangu, kabla hajabadili mawazo."

Herufi moja tu, wasomaji wangu. Na walimu wa Kiswahili msinijie hapa na ngeli zenu kwamba mzee angeshtuka. Mtamba wangu, mtambo wangu, kuna tofauti gani hapo? Tena kwa Mzee Masunga, Msukuma aliyejifunzia Kiswahili mnadani, kila kitu iko, kuanzia ng'ombe mpaka mwenyekiti wa kijiji.

Haya, turudi mlangoni.

Luhende ndiyo kwanza alikuwa anaelewa simu ile ilisikikaje upande wa pili. Lakini Sauda hakuelewa kitu. Alidhani mzee anasema mtambo kwa lafudhi ya kwao, akaweka chini chuma chake cha kuchomea waya na kutabasamu.

"Shikamoo, mzee. Karibu. Upo humu ndani, mzima kabisa."

"Marahaba, binti. Mnalaza ndani ya nyumba?"

"Nje vumbi litauharibu."

Mzee Masunga alitikisa kichwa kwa heshima. Hajawahi kuona watu wa mjini wanaotunza mifugo hivyo.

"Rangi yake?"

"Maziwa. Ila jua limeufanya njano kidogo."

"Na kula?"

"Haunisumbui, unakula kidogo sana. Shida ilikuwa joto. Kila ukikaa muda mfupi unapata joto."

Macho ya mzee yakang'aa. "Joto? Hiyo ni habari njema, binti. Hapo unatafuta dume la karibu."

"Hapana, mzee, niliufungia chaja ya laptop, ukatulia."

Luhende alijaribu kukohoa. Hakuna aliyemsikia.

"Umri?" akauliza mzee, tayari anafungua kitanzi cha kamba.

"Miaka arobaini na kidogo."

Kamba ikalegea mkononi.

"Binti," akasema Mzee Masunga polepole, "ng'ombe ya miaka arobaini wewe umeona wapi?"

"Ng'ombe?" akasema Sauda.

"Baba," akasema Luhende, "nilisema mtambo. Mwisho kuna o."

Mzee aliingia. Aliangalia mezani. Kulikuwa na kibodi nene iliyofifia, redio kaseti ya zamani, televisheni bapa, na waya zilizosokotana kila upande. Aliinama akachungulia chini ya meza pia, asije akawa amefichwa mtu fulani mwenye pembe. Halafu akakaa juu ya katoni la taa za pikipiki na kuiweka kamba magotini.

"Hii," akasema.

"Ndiyo, baba."

"Hii ndiyo dume langu."

"Ndiyo, baba."

"Nimetoka Ugalla njia nzima namtafutia jina," akasema mzee. Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililomuumiza Luhende. "Nikampata. Nikasema ataitwa Nyanzala, kama marehemu mama yako. Aende kwenye boma la mkeo na jina la mama yako."

Luhende alitamani ardhi ya Mpanda ipasuke immeze. Alishika simu, akampigia Shadrack, akaweka sauti ya juu ili baba asikie kwamba jambo linarekebishika.

"Dume lipo shambani linalima," akasema Shadrack kutoka Kakese. "Mnarudisha? Hakuna shida, nalileta mwenyewe leo leo. Mradi mtambo urudi kama nilivyowapa."

"Kama ulivyotupa vipi?"

"Haujaguswa. Kuna jamaa nilimtumia picha zake, ananiambia hizi mashine zikiwa vile vile zilivyotoka kiwandani watu wanazigombania. Zikitobolewa tu, basi, takataka."

Sauda alifumba macho. Ubavuni mwa kibodi kulikuwa na tundu la ukubwa wa punje ya mahindi. Alilitoboa mwenyewe kwa dreli ya baba yake, ili kupitisha waya wa picha kwenda kwenye televisheni bapa.

"Mbona kimya?" akauliza Shadrack. "Luhende, mmeutoboa?"

"Tundu dogo tu, kaka."

Simu ikakatwa.

"Nilikwambia tusitoboe," Luhende akamgeukia Sauda.

"Na mimi nilikwambia mashine isiyowaka ni tofali. Unataka tofali safi au mtambo wenye tundu?"

"Watu wa kundi wote walisema uachwe kama ulivyozaliwa!"

"Wote? Nusu walisema. Nusu nyingine walinitumia makofi ya pongezi."

"Nyamazeni nyie," akasema Mzee Masunga kutoka kwenye katoni. "Tundu iko wapi?"

Wakamwonyesha. Mzee alipitisha kidole pale.

"Mnagombana kwa hii? Kwetu ng'ombe asiyekatwa sikio ndiye tunamtilia mashaka. Alama inasema ana mwenyewe." Akavuta pumzi. "Lakini alama haileti mtamba. Leo leo, Luhende. Mtamba leo leo tunatoa wapi?"

Kabla Luhende hajajibu, pikipiki ilisimama nje. Wakasikia Mzee Zubery akisema kule dukani, "Karibu, Mzee Damiano, wapo huko nyuma."

Ndiyo hivyo. Mkwe mwenyewe.

Mzee Damiano aliingia na kofia yake ya kanisani, Rozalia nyuma yake. Rozalia alimpigia goti Mzee Masunga, akamwamkia, kisha akamtazama Luhende usoni, akajua mara moja kuwa mambo yameharibika. Binti huyu huwezi kumficha kitu, anakujua tu kwa namna unavyosimama.

"Nimesikia mtamba ameletwa mjini," akasema Mzee Damiano, mchangamfu kabisa. "Nikasema kwa nini muhangaike kumswaga mpaka Ilembo, mimi na binti yangu tunapita njia hii. Yuko wapi?"

Luhende akafungua mdomo ili akiri. Kilichotoka siyo sauti yake. Ni ya baba yake, aliyekuwa ameshasimama.

"Huyo hapo mezani," akasema Mzee Masunga.

Sauda alishika meza.

"Bwana Damiano, sogea, usiangalie kwa mbali kama mnunuzi wa kuku." Mzee alikuwa amebadilika. Yule aliyekaa kwenye katoni kwa huzuni hayupo, yupo Masunga wa mnadani, anayeuza mbuzi kilema ukaondoka unamshukuru. Akabonyeza vitufe vya kibodi kimoja kimoja. "Meno yote iko. Hakuna lililolegea. Mkia huu hapa," akanyanyua waya wa umeme. "Alama iko ubavuni, hakuna atakayemdai. Kupe hana. Teke hapigi. Majani hali, kiangazi hakimsumbui. Joto anapata mpaka wanamzuia. Na anaitwa Nyanzala, jina la marehemu mke wangu. Jina hilo mimi sitoi kwa kitu cha hovyo."

Luhende aligeukia ukutani, akajipangusa macho kwa mkono wa shati. Alijua baba yake bado ana hasira. Alijua pia kwamba mbele ya mkwe, baba amesimama upande wake, na alimpenda sana dakika ile.

"Masunga," akasema Mzee Damiano, "hiyo ni kompyuta."

"Kumbe unaijua."

"Mimi? Vitu hivi mimi sijawahi hata kuvigusa." Alisema haraka. "Mmeitoa wapi?"

"Kakese," akasema Luhende. "Kwa Shadrack."

Mzee Damiano alikohoa, akaivuta kofia usoni.

"Hapana. Mimi nilisema mtamba, na mtamba namjua. Ana mkia wa kufukuzia nzi. Rozalia, twende."

Rozalia hakusogea.

"Baba, mimi siolewi na ng'ombe."

"Utaolewa na nani sijui, ila mahari ni mahari."

"Sema basi huu mtambo ufanye nini ndiyo uupokee. Sema kitu kimoja. Usipite tu."

Mzee Damiano alisimama mlangoni akifikiri. Alikuwa anataka kuondoka, hilo lilionekana. Lakini alikuwa pia mtu wa haki, mzee wa kanisa, na hakutaka isemwe Ilembo nzima kwamba alivunja uchumba bila kusikiliza.

"Sawa," akasema, akicheka kidogo. "Mtamba wa mtu ukimsemesha anaitika, kwa sababu anamjua mwenyewe. Huo ukiitika, ukionyesha unamjua mtu yeyote humu ndani, nimempokea mtamba na tangazo lisomwe. Usipoitika, msinifuate tena."

Sauda alishakaa mbele ya kibodi. Vidole vyake vikakimbia, akaandika mistari michache, akabonyeza kitufe kikubwa. Kwenye televisheni yakatokea maandishi meupe: KARIBU MZEE DAMIANO.

Luhende akarusha ngumi hewani. Mapema mno.

"Hayo umeandika wewe sasa hivi, nimekuona," akasema Mzee Damiano. "Hata bango la saluni linasema karibu. Nataka kilichomo ndani yake, siyo cha kufundishwa."

Wakamtazama Mzee Masunga awatetee. Mzee akakuna kidevu.

"Hapo amesema kweli," akakubali kwa uchungu. "Mtamba hafundishwi siku ya mnada."

Kikabaki kitu kimoja. Ndani ya boksi la Shadrack mtambo ulikuja na kaseti, moja tu, haina hata jina juu yake. Wakati wa mitambo ile, programu ziliwekwa kwenye kaseti kama nyimbo, redio inacheza na kompyuta inasikiliza mpaka ijue la kufanya. Sauda alikuwa ameijaribu kaseti hiyo mara nyingi na haikukubali. Asubuhi ya leo alikuwa amekisafisha kichwa cha redio kwa pamba na spiriti. Hakuna aliyejua ndani mna nini.

"Weka," akasema Luhende.

Sauda akaweka.

Kelele iliyotoka siwezi kuiandika gazetini. Nguruwe aliyebanwa na mlango angeonewa huruma zaidi. Mzee Masunga aliziba masikio. Rozalia alimshika Luhende mkono. Mzee Zubery alipiga kelele kule dukani kwamba mnafukuza wateja. Mzee Damiano peke yake hakuziba masikio. Alisimama ameinamisha kichwa, akisikiliza.

"Nitapata uziwi mimi," akasema Mzee Masunga, akarudi nyuma. Kamba aliyoivuta kutoka Ugalla ikanasa kwenye waya wa umeme. Plagi ikachomoka. Televisheni ikawa nyeusi.

"Umesahau kila kitu," Sauda akasema, akiwa ameshika kichwa. "Huu ukikosa umeme hata kidogo unasahau kila kitu. Tunaanza upya."

"Basi, nimengoja vya kutosha," akasema Mzee Damiano. Alikuwa ameivua kofia kwa sababu ya joto la chumba na kuiweka kwenye stuli. Alipogeuka kuichukua, Rozalia alikuwa ameikalia.

"Rozalia, kofia yangu."

"Kaseti ikiisha, baba."

Ikarudishwa mwanzo. Kelele zikaanza tena. Safari hii Mzee Masunga alisimama kwenye kona, kamba ameivaa shingoni, hagusi kitu. Walingoja. Kelele zikakata ghafla, redio ikabofya, na kwenye kioo yakatokea maneno matatu ya Kiswahili.

JINA LAKO NANI?

Sauda hakuwa ameandika hayo. Luhende alisogea, akaandika jina la aliyetoa dume: MASUNGA.

SIKUJUI, ukajibu mtambo. JINA LAKO NANI?

"Nimeutolea dume zima," akasema mzee, "na hainijui."

Luhende akaandika la kwake. SIKUJUI. Sauda, aliyeufufua kwa mikono yake, akaandika la kwake. SIKUJUI. Rozalia akaandika la kwake polepole, herufi moja moja, kwa sababu ndoa yake yote ilikuwa kwenye herufi zile.

SIKUJUI. JINA LAKO NANI?

Luhende alikaa chini sakafuni. Aliona kabisa kesho, kanisa limejaa, padri anasoma matangazo ya watu wengine.

"Mmeona wenyewe," akasema Mzee Damiano. Uso wake ulikuwa umefunguka, kama mtu aliyetua mzigo. "Haujui mtu. Nipe kofia, mama, twende."

"Bado wewe, baba," akasema Rozalia.

"Mimi wa nini?"

"Ulisema umjue yeyote humu ndani. Wewe si umo humu ndani?"

"Nimekwambia vitu hivi sijawahi kuvigusa. Zima hiyo."

"Basi nitakugusia mimi." Na Rozalia akaanza. D. A. M.

"Rozalia, nimesema zima."

I. A.

Mzee Damiano alinyoosha mkono kwenda kwenye plagi. Mkono haukufika. Mzee Masunga, aliyezoea kumshika ndama kabla hajakimbia, alimdaka kiganja, taratibu, bila kumuumiza.

"Mwache amalize, mkwe," akasema. "Kama hakujui, si utaondoka tu?"

N. O.

Safari hii mtambo haukujibu hapo hapo. Kioo kilifutika chote. Kisha maandishi yakaja, herufi moja baada ya nyingine.

KARIBU TENA, DAMIANO.

Wote walimgeukia Sauda. Sauda akainua mikono juu.

"Hiyo kaseti mimi nimeifuta vumbi tu, haki ya Mungu. Hayo yaliandikwa humo hata sijazaliwa."

"Nimempokea," akasema Mzee Damiano. Sauti yake ilikuwa ndogo na ya haraka. "Mtamba nimempokea. Tangazo lisomwe kesho. Luhende, umeshinda, baba. Sasa zimeni hicho kitu tuondoke."

Lile ndilo neno ambalo Luhende alikuwa akilingojea. Rozalia alimshika mkono, akaubana mpaka mifupa ikalia, na wote wawili walitaka kucheka na kulia. Lakini hakuna aliyecheka, na hakuna aliyezima. Rozalia alikuwa anamtazama baba yake kana kwamba ameingia chumbani sasa hivi.

Mzee Masunga aliachia kile kiganja. Alivua kamba shingoni, akaikunja vizuri, mkunjo juu ya mkunjo, akakaa tena juu ya katoni lake.

"Mkwe wangu," akasema, "mimi nimechunga tangu sijaota ndevu. Ng'ombe haitiki mtu ambaye hajawahi kumlisha. Huyu Nyanzala wewe amekujulia wapi?"